Mama Rangi, Aliyechora Watu kwa Migongo

Marehemu Mama Rangi alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yake, fundi seremala. Alikuwa kifungua mimba. Akafuatiwa na mdogo wake wa kiume, aliyerithi karakana hiyo na ambaye leo ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi.

Alisoma shule ya msingi hadi darasa la saba, mwaka 1975. Alichapwa zaidi kwa kuchora kwenye madawati kuliko kwa kukosa hesabu, na hesabu zenyewe alizikosa sana.

Mwaka 1978 aliingia gereji ya malori, kazi yake kuandika majina na namba kwenye bodi. Mafundi walimtania kwamba rangi itakauka kabla hajafika juu ya ngazi. Alipanda, na wao ndio waliompa jina. Dereva mmoja akawa haishi kulirudisha lori lake, eti herufi zimepinda. Hazikuwa zimepinda. Walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1980, wakajaliwa watoto wawili, na kila alipopata nafasi alisafiri naye.

Tarehe 2 Juni 1998, safarini, mumewe alishuka kukagua tairi. Mama Rangi alimwona mgongo, ameinama. Gari lililokuja nyuma halikupunguza mwendo. Tangu hapo, kila asubuhi kabla hajagusa chai, alichora watu wa safari zile: muuza mayai, mlinzi wa mizani, mama aliyewapa maji. Wote kwa migongo, kwenye mbao za bodi kuukuu alizopewa gereji. Bintiye alipomuuliza mbona hakuna hata sura moja, alimjibu, "Mwanangu, barabarani unamkumbuka mtu alivyoondoka. Sura yake anakwenda nayo."

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Alilazwa Novemba hadi Januari, funguo akamwachia mdogo wake. Aliporudi, chumba kilikuwa kitupu. Akauliza watu wake wako wapi.

"Dada, zile mbao zilikuwa zinakula vumbi tu," mdogo wake alimwambia. "Nimezitengenezea mabenchi. Angalau sasa zina kazi."

Aliketi sakafuni, na hakukalia benchi tena hadi alipofariki, nyumbani kwake, asubuhi ya tarehe 6 Mei, chai imepoa na brashi kavu. Wanasema ni figo. Ndiyo, ni figo. Bintiye, aliyemlisha na kumwogesha miezi yote hiyo, anajua si figo peke yake.

Kamati ilitaka hapa paandikwe kwamba alikuwa mama wa nyumbani, mpole, asiye na makuu. Hayakuandikwa. Alikuwa mchoraji. Na upole wake ulikuwa kuchoka kuwajibu watu.

Ameacha mwana, binti, mjukuu anayenyonya, mdogo wake, na mabenchi haya mliyoyakalia. Rangi imegeuziwa chini. Jana jioni bintiye aliingia chini ya kila moja, mtoto mgongoni, akawatazama wote. Benchi la mbele kabisa lina mgongo wa baba yake, ameinama penye tairi, na aliyelikalia sasa ni shemeji wa huyo baba, mwenyekiti wa kamati. Aanze yeye kuinuka. Wengine tumfuate, na kila benchi ligeuzwe kabla koleo la kwanza la udongo halijashuka.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi tusimame.