Lydiah Mwelu: Miaka Ishirini ya Kuhesabu Kompyuta Zinazowaka

Bi Lydiah Mwelu anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Januari 2026, baada ya kuhudumu katika maktaba yetu ya Kaloleni kwa miaka thelathini na minne na miezi mitano kasoro siku tatu. Ukiondoa likizo zake, alikosa kazi siku kumi na moja.

Aliajiriwa Jumatatu, tarehe 2 Septemba 1991, kupanga vitabu na kuvipiga mihuri. Alitoka Machakos na cheti cha uchapaji na mwandiko ambao hadi leo hakuna aliyeushinda ofisini. Maktaba ilikuwa chumba kimoja, meza nne na paa lililovuja juu ya rafu ya historia. Vitabu vya historia alivihamisha siku yake ya tatu kazini. Paa lilirekebishwa baada ya miaka sita.

Kompyuta sita za kwanza zilifika mwaka 2004 na hakuna aliyejua kuzitumia. Madam Mwelu, kama mtaa mzima unavyomwita, alisoma vitabu vya maelezo wakati wa chakula cha mchana kwa wiki tatu, kisha akatufundisha sote, mmoja mmoja, bila kucheka. Mwaka uliofuata vijana waliomaliza kidato cha nne walianza kumuuliza ni chuo kipi kinachofaa kwa shahada ya sayansi ya kompyuta. Aliwajibu kwamba hajui. Jumatano iliyofuata aliomba ruhusa ya mchana, akaenda kuangalia.

Hajaacha kwenda. Ametembelea vyuo thelathini na saba, vingine mara tano, na kila ziara imeandikwa katika daftari nane zilizo juu ya meza yake. Huenda Jumatano, saa nane mchana, bila kutangaza, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo chuo hakimtarajii mtu. Huomba kuona maabara. Huhesabu kompyuta, kisha huhesabu zinazowaka. Humtafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu na kumuuliza ni programu gani ameiandika wiki hiyo kwa mkono wake. Akitoka husimama langoni na kumuuliza mlinzi wahadhiri hufika saa ngapi. Amesema mara nyingi kwamba mlinzi hajawahi kumdanganya.

Utaratibu huo aliuvunja mara moja tu.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2018. Maurine Aoko wa Kaloleni, binti wa Mzee Zedekiah aliyestaafu kutoka reli, alikuwa amepata alama ya B ya juu na alitaka shahada ya sayansi ya kompyuta na si nyingine. Orodha yake ilibaki na vyuo viwili. Dirisha la kuchagua chuo mtandaoni lilikuwa linafungwa Ijumaa, na nafasi ikishatolewa, kuibadilisha ni kazi ya mwaka mzima au zaidi.

Chuo cha kwanza kilikuwa katika jengo la vioo mjini. Madam Mwelu alikitembelea Jumamosi, siku ya wageni, kwa kuwa Jumatano ya wiki hiyo tulikuwa na wakaguzi. Palikuwa na muziki, soda na wanafunzi waliovaa tai. Katika maabara alihesabu kompyuta arobaini, zote zinawaka. Aliketi mbele ya moja yenye kibodi nyeusi iliyokuwa na kitufe kimoja cheupe. Aliporudi aliandika katika daftari ya tano: “Maabara nzuri sana. Kinafaa.” Mzee Zedekiah alisomewa maneno hayo Jumapili asubuhi. Kufikia mchana alikuwa amelitangazia kanisa zima.

Jumanne Madam Mwelu alipeleka kompyuta moja ya maktaba kwa fundi Nzivo, Kariobangi. Alikuta kompyuta zimerundikwa hadi darini, na kijana akibandua vibandiko vya chuo kile cha vioo, kimoja baada ya kingine. Juu ya rundo palikuwa na kibodi nyeusi yenye kitufe kimoja cheupe.

Nzivo hakuona ajabu yoyote. Yeye hukodisha vipaza sauti vya harusi na jenereta za matanga. “Mwaitu, hizo ni za kukodi tu, kama tenti,” alimwambia, akimwita mama kwa Kikamba. “Sherehe ikiisha, zinarudi. Kwani wewe viti vya harusi yako vilikuwa vyako?”

Kutoka Kariobangi Madam Mwelu hakupitia ofisini. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Zedekiah, akamkuta na majirani wanne waliokuja kupongeza, na kwa mujibu wa wote wanne hakuomba kuzungumza naye kando.

“Si ni wewe, Madam, uliyesema ni kizuri?” Mzee aliuliza.

“Ni mimi. Nilikosea.”

“Na mimi nimeshaambia kanisa.”

“Basi utawaambia tena. Mimi nitasimama kando yako.”

Mzee alikuwa mkali kwa muda wa chai moja. Alisema jengo kubwa namna ile haliwezi kuwa tupu, na kwamba binti yake hatasomea kwenye mabati ya kile chuo cha pili. Mwishowe Madam Mwelu aliomba siku mbili na Maurine mwenyewe.

Jumatano saa nane mchana waliingia jengo la vioo. Maabara ilikuwa imefungwa. Mlinzi aliwaeleza kwa upole kwamba ufunguo uko na mtu fulani, na mtu huyo amesafiri tangu Jumapili. Alhamisi walikwenda chuo cha pili. Nusu ya paa ilikuwa mabati. Kompyuta zilikuwa ishirini na mbili, zinazowaka kumi na tisa. Mhadhiri alikuwa chini ya meza akiunganisha waya, ikabidi wasalimie viatu vyake. Wanafunzi watano walikuwa wakibishana juu ya programu iliyogoma, na Maurine, ambaye alikuwa amejifunza kuandika programu hapa maktabani tu, alichungulia juu ya mabega yao.

“Wasee, hii loop yenu haiishi,” alisema, akionyesha mistari iliyokuwa ikijirudia bila kikomo. “Mnaingoja mpaka Krismasi?”

Walimpisha kiti. Madam Mwelu alisubiri nje kwa saa moja na dakika ishirini. Muda huo uko katika daftari.

Maurine alichagua chuo cha mabati Ijumaa asubuhi, kwenye kompyuta ya nne kutoka mlangoni, baba yake akiwa amesimama nyuma yake na kofia mkononi. Jumapili Mzee Zedekiah alisimama kanisani kusahihisha tangazo lake. Madam Mwelu alisimama kando yake kama alivyoahidi, ingawa kanisa hilo si lake.

Kozi ya jengo la vioo ilifungwa mwaka 2020. Wanafunzi wake walitawanywa katika vyuo vingine, na wengi walianza upya mwaka wa kwanza. Maurine alihitimu mwaka 2022. Sasa anaandika programu za kupanga foleni za wagonjwa hospitalini, na Jumamosi moja kila mwezi hufundisha katika chumba chetu.

Ukurasa ule wa daftari ya tano haukuchanwa wala kufutwa. Chini ya “Kinafaa” pameandikwa kwa wino mwekundu: “Si kweli. Nilikwenda siku ya sherehe. L. Mwelu.” Tangu hapo, kila mzazi anayekuja kutafuta ushauri huonyeshwa ukurasa huo kwanza, kabla ya mwingine wowote. Sisi tuliofanya kazi naye kwa miaka mingi bado hatujazoea kuliona jambo hilo.

Vijana mia mbili na kumi na wanne wamejiunga na shahada ya sayansi ya kompyuta kupitia meza yake. Mia moja themanini na mmoja wamehitimu. Muulize kuhusu hao thelathini na watatu waliobaki: anajua kila mmoja alipo.

Daftari nane anamwachia Frankline Kivuva, mwenzetu hapa maktabani, ambaye Jumatano ijayo saa nane mchana atakuwa chuo cha thelathini na nane. Amepewa agizo moja, nalo liko katika wino mwekundu: asiende siku ya sherehe.

Madam Mwelu, asante. Pumzika, ulime hilo shamba la Machakos unalolitaja kila Desemba, na wajukuu wakuchoshe kidogo. Tenti na viti vya leo vimekodiwa, na tunajua umeshavihesabu. Kompyuta kumi na mbili zilizo ndani si za kukodi. Tulizihesabu Jumatano iliyopita, saa nane mchana, bila kukuambia. Zote zinawaka.