Bi. Enid Oldroyd na Maneno Yanayofukuzwa

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 1996, Bi. Enid Oldroyd anastaafu baada ya kuitumikia kamusi yetu kwa miaka thelathini na minane. Ofisi ya mkurugenzi imeniomba niandike jambo la kuchangamsha katika jarida letu la ofisini. Nitajaribu, ila mniwie radhi, nina hasira.

Enid alianza hapa Leeds akiwa msichana wa kupanga vikaratasi vya maneno, akapanda hadi kuwa mhariri wa maneno yaliyokufa. Utaratibu wetu mnaujua: neno ambalo Waingereza wameacha kulisema huwekewa alama ya msalaba, lakini hubaki kitabuni pamoja na maana yake, ili anayekutana nalo katika barua ya babu yake asitoke kapa. Na anayeliwekea neno msalaba hutuletea paja la nguruwe tule na chai, kama tufanyavyo Yorkshire tukitoka kuzika. Miaka yote hiyo Enid ametulisha mara mbili tu, na wenye njaa walimsema sana.

Si ubahili. Hakukubali kuzika kabla ya kuhakikisha. Tulipotaka kuliua "groak", yaani kumkodolea macho mtu anayekula ukitumaini atakumegea, alipanda basi hadi Skipton, kwenye nyumba ya wazee. Wakati wa chakula mzee mmoja, Amos Sugden, akamfokea mbwa wake: "We, unani-groak nini? Si umeshakula!" Enid alirudi ofisini akihema. "Liko hai!" alituambia. "Tena lina mbwa!" Msalaba tukaufuta.

Sasa sikilizeni ya Machi. Mkurugenzi wetu mpya, Bwana Clive Rainford, alitangaza kwamba toleo lijalo liwe jembamba, na maneno yote yenye msalaba yatolewe. Yote! Hata "overmorrow", yaani keshokutwa, neno tulilolitupa wenyewe na mpaka leo tunazunguka mbuyu kila tukitaka kuitaja siku hiyo.

"Hayo ni makaburi, Enid," alisema. "Nani ananunua makaburi?"

"Clive, mama yako amelala Ilkley," Enid akamjibu mbele yetu sote. "Naye tumfukue tupate pa kuegesha magari?"

Kwa kanuni za ofisi hii, neno halitoki kitabuni bila sahihi ya mhariri wa maneno yaliyokufa. Machi Enid alikataa kutia sahihi. Aprili akakataa. Mei akaitwa ghorofani akapewa keki na barua ya kustaafu, mwaka mzima kabla ya wakati wake. Keki! Jamani, hii ni haki? Mtu amemalizia macho yake kwenye vikaratasi vyetu, kisha anasindikizwa mlangoni ili kalamu yake ipate mtu mwingine wa kuishika.

Asante, Enid, kwa ukali wako, kwa chai yako chungu, na kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kuzika. Nenda kamtembelee Bwana Sugden, ulale mpaka utosheke, na afya isikupungukie.

Jumatatu nakikalia kiti chako. Bwana Rainford ameniteua mimi kwa sababu, asema, mimi ni mtu wa kuelewana naye. Karatasi ya kuyatoa maneno ameshaiweka mezani, inangoja sahihi. Basi kwa kuwa jarida hili analisoma, na asome na hapa: sitii.

Harriet Moxon,
Idara ya Maneno Yaliyokufa