Treni ya Mkoani

Tangu mkandarasi wa barabara ashushe kile chuma cha kizuizi, chekundu na cheupe, kimo cha kifua, pale watu walipokuwa wakikatisha lami, mtaa wa juu na mtaa wa chini hapa Mkoani imekuwa kama mtu na jirani aliyenuniwa. Kwenye chuma kuna picha ya treni, maana kifaa chenyewe kililetwa kutoka bara kikiwa kimeshatumika relini. Wa kuvuka azunguke mpaka darajani, nusu saa kwa miguu, asongamane na vespa, mikokoteni na ng'ombe. Aliyeumia zaidi ni Talib, muuza kahawa. Mzee Othman, mkubwa wa kijiwe, yuko ng'ambo ya barabara, hajiwezi kitandani siku ya kumi na moja. Kikombe cha kwanza cha dele, lile birika la kahawa, siku zote kilikuwa cha mzee. Leo Talib alikijaza kwa mazoea, akabaki kakishika, Jecha akakipokea akakinywa.

— Isije ikapoa, alisema Jecha, anayeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Yakhe, treni yaja Pemba! Picha ile haikubandikwa bure.

— Ije kubeba nini? aliuliza Talib.

— Karafuu. Kutoka Wete mpaka bandarini kuno.

Zahran alikohoa. Huyu ni Injinia, kwani aliwahi kubeba saruji gatini siku mbili.

— Karafuu! Weye una fikra ndogo. Reli itapita chini ya bahari mpaka Tanga. Juzi miye nilisikia ardhi yatikisika.

— Alikuwa ng'ombe wa Bi Rahila.

— Ng'ombe hatikisi kwa mpango, Talib. Ule mtikisiko wa kitaalamu. Na Makoongwe watapata stesheni.

— Makoongwe ni kisiwa!

— Ndo maana hawajaambiwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

— Kweli kabisa, alidakia Redio. Wamefunga mapema ili tuzoee. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Tuzoee treni isiyokuwepo?

— Ikishakuwepo, yakhe, utazoea saa ngapi? Utakuwa ushagongwa!

Talib hakucheka.

— Na Mzee Othman je? Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu. Hajenda hata mmoja.

— Roho yaniuma, wallahi, alisema Redio, huku akisogeza kikombe kijazwe. Lakini njia imefungwa. Na jua kali hili! Tumwombee dua kuno kuno.

Wakaomba. Wakanywa tena.

Ndipo akatokea Samiha, binti wa Mzee Othman, na chupa ya chai mkononi.

— Asalaam alaykum. Baba kaniagiza kahawa.

Talib aliliinamisha dele. Yalitoka masimbi matupu, machicha ya kahawa.

— Pole, mwanangu, alisema Injinia. Kuzunguka kote kule darajani!

— Sikuzunguka, ami. Nimeinama, nikapita chini ya chuma.

Akamnyoshea Talib chupa.

— Baba auliza, mbona hamji?

Redio akazimika. Injinia akaikagua ile picha ya treni kwa mbali. Talib aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akamwaga masimbi, akatia kahawa mpya na maji, akalibeba dele na jiko lake. Kisha akakichukua kikombe mkononi mwa Redio, akakisuuza, akaenda kuinama.