Amplifaya ya Spika za Sebuleni

Ndani ya basi, kiti cha mbele yangu, mzee alikuwa amepakata amplifaya mpya. Fundi redio aliyekaa naye akasoma maandishi ya nyuma, akacheka. "Mzee wangu, hii ni ya ukumbini! Spika zako za sebuleni itaziunguza. Irudishe, chukua ndogo yenye sauti safi."

"Safi ya nini, mwanangu? Mama yenu hasikii tena. Nikiweka video ya marehemu binti yetu akiimba, anabandika kiganja kwenye spika ahisi mtetemo. Siku hizi hata kiganja hakipati kitu."

Mimi nikajifanya natazama nje.

"Lakini spika zikiungua, mzee, atabaki na nini?" fundi akauliza.

Nilimwomba Mungu ampe mzee jibu. Basi likasimama. Mzee akashuka na amplifaya yake, ameikumbatia kifuani.