Anuani ya Kwa Remtulla

Basi la Temeke lilikuwa nusu tupu na mie nilishaanza kusinzia. Kiti cha mbele yangu Edgar, mtengeneza tovuti, alikuwa anabishana na mteja wake Kokuberwa, fundi cherehani, huku akimwonyesha simu. "Dada Koku, haya ndiyo maelezo ya tovuti yako ambayo Gugo inayasoma ili ikuonyeshe kwa watu wanaotafuta fundi mtandaoni. Kwenye anuani inataka mtaa na namba ya nyumba, we umeandika Kwa Remtulla! Duka la Remtulla lilifungwa mie hata sijazaliwa."

"Wateja wangu wote wanashukaga hapo."

"Gugo haimjui huyo mzee."

"Basi ijulishe."

Usingizini nikaliona duka hilo, ambalo hata mie sikulikuta: milango ya bluu, harufu ya iliki, mzee anapima sukari taratibu.

"Kwa Remtulla wapo?" konda akauliza.

"Shusha!" akajibu Edgar, macho yake yangali kwenye simu.