Fomu Iliyobaki Mezani

Wasikilizaji wapendwa, leo namkumbuka daktari mtafiti wa saratani za damu. Amezikwa juzi, akiwa na miaka sitini na minane. Wagonjwa walimwita Mama Barafu. Habari yake si tamu, na sitaitia sukari.

Kazi yake ilikuwa hii. Alichukua seli shina za mgonjwa, zile zinazozaa damu, akazigandisha kwenye tangi. Kisha mgonjwa alipewa dawa kali ya kuua saratani. Dawa hiyo hiyo huua pia uwezo wa mwili kutengeneza damu. Ndipo seli ziliporudishwa, mwili uanze upya. Zisiporudi, mgonjwa hana pa kushika. Miaka kumi na tisa alifanya kazi hiyo, na watu mia moja na arobaini walitoka wodini kwa miguu yao.

Tangi lilitaka kujazwa naitrojeni ya kimiminika, baridi kupita barafu yoyote. Geji ya kupimia kimo chake ilikufa zamani. Basi kila asubuhi alitumbukiza rula ya mbao, akaitoa, akasoma barafu imeshika hadi wapi. Mafundi wa maabara walimtania kwamba anakoroga uji. "Uji wenu ukiungua mnapika mwingine," aliwajibu. "Wangu ukiungua nazika mtu."

Kaka yake, fundi cherehani, anasema: "Harusini kwangu alikuja watu wameshakula. Alipitia tangi kwanza. Mke wangu alinuna wiki nzima."

Halafu mama yao akafa. Mama Barafu alijaza fomu ya kuagiza naitrojeni, akaiacha mezani kwa mkurugenzi wa hospitali, akaenda kuzika. Fomu ilihitaji saini moja tu. Mkurugenzi alikuwa kwenye semina. Fundi wa maabara aliifuata saini mara tatu, na mara tatu katibu muhtasi akamwambia asubiri. Wodini hakuna aliyeambiwa. Siku ya sita, mwalimu mmoja wa hesabu akapewa ile dawa kali. Siku ya saba Mama Barafu akarudi, akatumbukiza rula, ikatoka kavu.

Alikwenda kumwambia mwalimu mwenyewe. Mjane wa mwalimu alikuwepo, na anasimulia:

"Alishindwa hata kuvuta kiti. Akasema, 'Mwalimu, seli zako zimeharibika. Fomu ile nilipaswa kuipeleka mkononi.' Mume wangu akamuuliza, 'Sasa imebaki hesabu gani, daktari?' Akamshika mkono tu."

Mwalimu alifariki siku ya kumi na sita. Mama Barafu alikuwa kando yake.

Ripoti ya hospitali ilikuwa na aya mbili. Uzembe wa mtafiti, ilisema. Fomu haikutajwa. Semina haikutajwa. Mkurugenzi alipandishwa cheo, Mama Barafu akanyang'anywa ufunguo wa maabara. Mitaani watu wakasema lisemwalo lipo. Ndiyo kawaida yetu, mnyonge hana haki.

Miaka kumi na mmoja aliomba jambo moja. Fomu ile, ambayo alikuwa na nakala yake yenye tarehe, isomwe hadharani. Jambo moja tu. Aliandika barua ishirini na sita. Kosa lake hakulikana hata siku moja. Alichotaka ni la wenzake nalo lisemwe.

"Amekufa bila kujibiwa," anasema kaka yake. "Nina hasira, na asije mtu kunituliza."

Juzi makaburini mkurugenzi alileta shada kubwa la maua, akazungumza juu ya pengo lisilozibika. Mjane wa mwalimu aliinuka akaenda zake.

Pole sana, fundi, kwa kumpoteza dada. Pole nawe, mama, mke wa mwalimu. Mungu awape subira. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi huu wenu tuliuona mwepesi kweli. Nanyi mnaonisikiliza, jiulizeni ni nani mmemhukumu kwa maneno ya upande mmoja.

Mimi nimeshajiuliza. Ripoti ile ilisomwa katika redio hii, na aliyeisoma ni mimi. Niliisoma asubuhi, nikairudia mchana. Mchana ule Mama Barafu alipiga simu hapa studio. Akaniambia, "Mwanangu, ninayo karatasi. Ni mistari minne tu, niache niisome."

Nilimjibu kwamba muda umekwisha. Zilikuwa zimebaki dakika sita, nikaweka muziki.