Mikono ya Sølvi Kabla Maji Hayajasimama

Ternholmen hakuna mkahawa, na hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu kuna Benchi la Waongo: mbao mbili ndefu zilizopigiliwa kwenye ukuta wa ghala kuukuu la chumvi, upande ule ambao jua la Februari, likiamua kutoka, huugusa kwanza. Saa tatu na nusu asubuhi benchi lilikuwa limeshajaa. Kushoto alikaa Ansgar, aitwaye Kengele, kwa sababu alianza kuzamia zama za kofia za shaba zilizofanana na kengele. Katikati alikaa Torleiv, aitwaye Sufi, mfugaji wa kondoo anayeamini kwamba duniani hakuna ugonjwa wala ugomvi usiotibika kwa sufi ya kondoo. Kulia alikaa Peder, aitwaye Dokta, ambaye aliwahi kusukuma machela hospitalini kwa miezi kumi na minne na tangu hapo hajaacha kutoa ushauri. Mbele yao palikuwa na themosi ya kahawa, sahani ya lefse, mikate myembamba ya viazi, zilizopakwa siagi na sukari, beseni kubwa la samaki lililojazwa maji ya bahari ya nyuzi joto nne, na Sølvi, miaka ishirini na tisa, ndani ya suti kavu ya kuzamia, isiyoingiza maji, mikono kainyoosha mbele kama mtu anayengoja pingu.

Alikuwa na saa tatu kasoro. Msimu uliopita alizamia chaza kwenye mashua ya Gunnhild akiwa na glavu za kawaida, zile zinazoingiza maji, na mara tatu alirudi juu na mfuko mtupu kwa sababu vidole vilikufa ganzi asiweze hata kufungua bizimu ya mfuko. Gunnhild hakumgombeza. Ila wiki iliyopita alimpigia simu akamwambia, “Jumanne nitapita bandarini kabla maji hayajasimama. Nikikuona uko tayari, unapanda na msimu ni wako. Nikikuona hauko tayari, namchukua yule jamaa wa Hitra.” Leo ndiyo Jumanne, na maji yangesimama, yaani mkondo kutulia kati ya kujaa na kupwa, saa sita na dakika ishirini. Rafiki yake wa Trondheim alikuwa amemwazima suti mbili na aina mbili za glavu kavu ajaribu. Sølvi alikuwa na daftari lenye jedwali la safu kumi na moja. Usingizi ndio hakuwa nao.

— Mimi nasema hivi, alianza Kengele. Hiyo uliyovaa siyo suti, ni koti la mvua. Suti ni ile nyingine, ya mpira mnene. Ukiivaa unajua umevaa kitu.

— Nimeshaijaribu, Ansgar.

— Kwa dakika ngapi?

— Arobaini na moja. Ukishuka mita ishirini mpira unasinyaa, na joto linaondoka nao. Hiki kitambaa hakina joto lake, sawa, lakini joto langu liko kwenye nguo za ndani, nazo hazisinyai hivyo. Halafu kwenye ile ya mpira mkono haufiki kwenye vali ya mtungi nyuma ya shingo. Kwenye hii unafika. Tazameni.

Akapeleka mkono nyuma ya shingo, akaurudisha, akaupeleka tena.

— Watu wa siku hizi wana mikono mifupi, alisema Kengele.

— Wangu ni sentimita sabini na moja.

— Ameupima! Sufi alicheka mpaka lefse ikamwanguka. Jamani, binti kaupima mkono wake!

— Suala la suti limekwisha, alisema Dokta. Ya kitambaa. Andika. Sasa tuingie kwenye vidole, maana vidole ndivyo vinavyoharibu ndoa na kazi.

Basi wakaingia kwenye vidole. Jozi ya kwanza ya glavu ilikuwa nyeusi, nayo ilikuja na pete ngumu: unaisukuma pete ya glavu kwenye pete iliyo mwisho wa mkono wa suti, inalia *ka*, imefunga. Jozi ya pili ilikuwa ya rangi ya machungwa, haina pete yake; unauvuta mdomo wa glavu mpaka utanuke, unaupitisha juu ya ile pete ya suti, unauachia ubane. Pete ya suti ilikubali zote mbili.

— Hizi nyeusi sizipendi hata kwa kuziangalia, alisema Kengele. Vifuniko vya chupa za jamu. Chembe moja ya mchanga ikiingia humo, umelowa mpaka kwenye soksi.

— Na zikipasuka hizo pete, utakwenda kununua wapi hapa? aliuliza Sufi. Dukani kwa Bergljot? Bergljot anauza misumari na pipi.

— Nipe ya machungwa hiyo, alisema Dokta. Lete mkono, Sølvi. Sufi, shika kule. Ansgar, vuta huku. Moja, mbili!

Glavu ikatanuka, ikapita, ikabana. Mkono wa pili nao vivyo hivyo: watatu wakivuta, mmoja akipumua kahawa usoni mwa Sølvi. Yeye alipiga magoti akatumbukiza mikono yote miwili kwenye beseni mpaka kwenye viwiko. Papo hapo mpira wa glavu ukamganda vidoleni kama ngozi ya soseji.

— Mnaona? alisema, na sauti yake ilianza kupanda. Hili ndilo linaloniumiza kichwa tangu Ijumaa. Mpira unaobana kifundo cha mkono unazuia hewa ya suti isiingie kwenye glavu. Bila hewa glavu inabanwa, inabana glavu ya sufi iliyo ndani, vidole vinakufa. Nikiuondoa huo mpira wa kifundo, hewa inapita vizuri, lakini glavu ikitobolewa na gamba, maji yanapita humo humo mpaka kifuani. Nikiuacha naganda vidole. Nikiuondoa naweza kulowa mwili mzima. Nimeandika kurasa sita.

— Kurasa sita! Kengele akajipiga paja. Sisi tulikuwa tunapaka mafuta ya ini la samaki kifundoni, tunashuka.

— Mafuta yanakula mpira, Ansgar!

— Ndiyo maana tulikuwa tunapaka na mdomoni. Mpira ukiliwa, wewe umeshiba.

— Kisayansi, alidakia Dokta, vidole havifi kwa baridi. Vinakufa kwa hofu. Moyo ukiogopa unaita damu yote nyumbani. Nilimwona mgonjwa mmoja, vidole vyeupe kama jibini, kumbe alikuwa anamwogopa mama mkwe wake aliyekuwa ameketi pembeni. Mama mkwe akatoka, vidole vikawa vyekundu. Kwa hiyo Sølvi aimbe. Akiwa chini, aimbe kwa nguvu.

— Na kile cha kupumulia mdomoni? aliuliza Sølvi.

— Aimbe kwa pua.

— Acheni utoto, alisema Sufi. Tatizo lenu ni kuosha sufi. Sufi ikioshwa inakufa. Mimi ningemfuma soksi moja kubwa, kutoka kidole cha mguu mpaka kidole cha mkono, ya kondoo asiyeoshwa tangu azaliwe. Mafuta yake yote humo ndani. Baridi ikisikia ile harufu inageuza.

— Gunnhild naye atageuza, alisema Dokta.

— Viazi! Kengele alisimama kabisa. Kiazi cha moto kimoja katika kila kiganja! Baba yangu alikuwa anatia viazi mifukoni akienda kanisani. Unashuka nacho, unaokota chaza, ukirudi juu unakila.

— Ataokotaje chaza ameshika kiazi? aliuliza Dokta.

— Anaokota kwa mkono mwingine.

— Umesema kila kiganja!

— Basi kiazi kidogo!

Sølvi alitaka kulia na alitaka kucheka. Saa ya ukutani kwenye ghala ilionyesha saa tano na dakika nane. Alitoa mikono majini. Sufi, aliyekuwa akimtazama, alipeleka mkono mfukoni akatoa kipande cha uzi mnene wa kijivu.

— Wee binti, hebu pitisha huu chini ya mpira wa kifundo. Ncha moja ndani ya suti, ncha nyingine ndani ya glavu. Si unataka pumzi ipite, mafuriko yasipite? Uzi unainua mpira kidogo tu. Pumzi ni nyembamba, itajipenyeza. Maji yakija yatakuja kwa matone, utakuwa na muda wa kurudi juu.

Kengele aliangalia uzi. Dokta aliangalia uzi. Sølvi aliangalia uzi kama mtu aliyeonyeshwa ukurasa wa saba.

— Torleiv, alisema, hilo ni jambo la akili.

— Mimi nina kondoo tisini, alisema Sufi. Huwezi kuishi na kondoo tisini bila akili.

Wakamvua glavu, watatu. Wakapitisha nyuzi, wakamvalisha tena, watatu, wakihema. Safari hii Sølvi aliinua mikono juu ya kichwa kwanza, na wote wakaona vidole vya glavu vikijaa taratibu, kimoja kimoja, kama mtoto anayeamka.

— Hewa! Dokta alipiga kelele. Hewa imeingia! Mnaiona?

Mikono ikarudi kwenye beseni. Kengele alitoa saa yake ya mfukoni. Dakika tatu. Tano. Nane, na Dokta alikuwa anahesabu kwa sauti kana kwamba ni mbio za farasi. Dakika ya kumi Sufi alitupa bizimu ya mfuko wa chaza ndani ya maji, ile ile iliyomshinda msimu uliopita. Sølvi aliipapasa, akaipata, akabonyeza kwa kidole gumba. Ikafunguka. Akaifunga. Akaifungua tena.

— Bado vina joto! Navisikia vyote! Hata hiki kidogo!

Benchi likalipuka. Kengele alimkumbatia Sufi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu kifo cha mfalme aliyepita. Lefse ya mwisho ikakatwa vipande vinne. Uamuzi ukatolewa kwa kauli moja, wa kwanza kuafikiwa na Benchi la Waongo kwa miaka kumi na moja: suti ya kitambaa, glavu za machungwa, uzi wa Sufi, na zile nyeusi zirudi zilikotoka zikafunike jamu.

Walikuwa bado wanapongezana Gunnhild alipofika. Mwanamke mfupi, buti ndefu, mikono nyuma. Alisimama akamtazama Sølvi kuanzia shingoni mpaka kwenye ncha za vidole.

— Vina joto?

— Vina joto, alisema Sølvi. Dakika kumi, nyuzi joto nne, na bizimu imefunguka mara mbili.

— Vizuri. Gunnhild aliziangalia glavu za machungwa kwa muda. Nani amekuvalisha?

Kengele alitazama mikono yake kana kwamba ameletewa kwa posta. Pale wanapookota chaza, kati ya miamba miwili, mkondo hauachi kabisa kuvuta hata maji yakisimama, na Gunnhild haachi usukani hata akiwa na kiu. Kwenye mashua ile mzamiaji hujivalisha mwenyewe. Kila mtu kwenye benchi alilijua hilo; wawili kati yao walishawahi kuendesha mashua ile ile. Na kwa saa mbili mikono minane ilikuwa imefanya kazi ya mikono miwili.

— Vua, alisema Gunnhild. Vaa. Naangalia.

Sølvi alizivua. Ya kushoto ilipanda, kwa tabu, kidole gumba cha kulia kikivuta. Ya kulia ilikataa. Mkono wa kushoto, sasa umevimba ndani ya sufi na mpira, uliteleza juu ya mdomo wa glavu kama samaki kwenye sakafu. Akajaribu kwa meno. Akajaribu kwa goti. Dokta alinyanyuka nusu. Gunnhild alimtazama, Dokta akakaa. Saa tano na dakika thelathini na sita.

Moyo wa Sølvi ulikuwa unaita damu yote nyumbani, Dokta angesema. Alifumba macho akaliona jedwali lake, safu kumi na moja: joto, uzito, unene, upatikanaji wa vipuri, mchanga. Hakukuwa na safu ya *peke yangu*.

Akaivua ile ya machungwa. Akazifuata nyeusi kwenye boksi. Akapangusa pete zote nne kwa kitambaa safi, kila moja mara mbili, hakuharakisha hata kidogo. Akazikagua nyuzi chini ya mipira ya vifundo. Kushoto: akasukuma. *Ka*. Kulia: akaiweka glavu imesimama kwenye ukingo wa benchi, pete ikiangalia juu, akaingiza mkono, akaegemea kwa uzito wake wote.

Haikulia.

Akatoa mkono. Akaangalia. Pete ilikuwa imekaa upande. Akainyoosha, akaingiza tena, akaegemea tena, akasukuma na bega.

*Ka*.

Akainua mikono juu, hewa ikajaa. Akaitumbukiza kwenye beseni: hakuna kiputo hata kimoja. Akaitoa, akasimama mbele ya Gunnhild, maji yakimdondoka.

— Dakika nne, alisema. Nikizoea itakuwa mbili.

Gunnhild aligeuka kuelekea mashua.

— Panda.

Hapo benchi lote likasimama kwa mkupuo. Kengele alikimbilia mtungi, Dokta mapezi, Sufi mfuko wa chaza.

— Mikono mifukoni! alisema Sølvi. Wote watatu!

Wazee watatu wakatia mikono mifukoni. Alibeba mtungi, akabeba mapezi, akabeba mfuko, akapita mbele yao akihema na kucheka, akaruka ndani ya mashua. Injini ikawaka. Wakaitazama ikitoka nje ya gati, mpaka ikawa doa dogo kati ya miamba.

— Sasa, Dokta aliuliza kwa sauti ya chini, kahawa tunaruhusiwa kumimina?

Wote watatu wakaitazama themosi, mikono bado mifukoni.